Swali la Kwanza Ni la Mfuniko

Mtu anaposikia kwamba jirani yake anafuga nyoka, swali lake la kwanza huwa ni kama nyoka huyo ana sumu. Ni swali la haki, hasa katika mji kama Arusha, ambako nyumba za Ngarenaro na Unga Limited zimekaribiana kama migomba ya vihambani kwenye miteremko ya Mlima Meru. Hata hivyo, swali hilo lilistahili kuwa la pili. La kwanza lingekuwa hili: sanduku la nyoka huyo hufungwa kwa namna gani?

Nyoka hana mkono wala kucha, na kwa sababu hiyo watu huudharau uwezo wake wa kufungua. Mwili wake ni msuli uliotandazwa juu ya mamia ya pingili za uti wa mgongo. Akifungiwa, huzunguka kingo za sanduku na kusukuma kila pembe kwa pua yake. Akikuta mahali panapotikisika, hurudi hapo tena na tena, na subira yake huizidi ya mfugaji. Penye kupita kichwa, kwa kawaida kiwiliwili nacho hupita.

Ndiyo maana jiwe lililowekwa juu ya mfuniko, ambalo ni desturi ya wafugaji wengi wanaoanza, si kinga. Jiwe hukandamiza katikati, naye nyoka huinua pembe. Uzito hauwezi kushika kazi ya komeo. Zaidi ya hayo, jiwe hilo likiteleza siku moja na kuangukia ndani, mfugaji atakuwa amemuua mnyama aliyedai kumtunza.

Hasara ya tundu moja lililoachwa wazi ilionekana huko Campbellton, nchini Kanada, mwezi Agosti mwaka 2013. Chatu wa Afrika, aliyekuwa amefungiwa katika nyumba ya ghorofa juu ya duka la wanyama, aliingia katika bomba la hewa, akaanguka kutoka darini na kuwaua watoto wawili ndugu waliokuwa wamelala. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 4, mwingine miaka 6. Mwenye nyoka alishtakiwa, na mwaka 2016 mahakama ikamwachia huru. Chatu hana sumu hata chembe. Kama majirani wa nyumba ile wangeuliza swali la sumu peke yake, wangejibiwa kweli tupu na bado wasingekuwa salama.

Basi mfuniko madhubuti utengenezwe vipi hapa Arusha? Mafundi seremala wa mji huu wanaweza kazi hiyo bila kuagiza kitu kutoka ng'ambo, lakini wanapaswa kushindana na hali ya hewa kabla ya kushindana na nyoka. Mbao za misindano kutoka mashamba ya miti ya Meru mara nyingi huuzwa zikiwa bado na maji. Mbao mbichi ikipigiliwa misumari wakati wa masika, Machi hadi Mei, itakuwa imevimba kwa upana wake, na mfuniko utakaa barabara kama kizibo cha chupa. Fundi atasifiwa na kulipwa. Ifikapo Septemba mbao imekauka, imesinyaa, pengine imepinda, na pembe iliyokuwa imekaza sasa ina mwanya wa kuingiza kidole. Hapana mtu aliyefungua sanduku. Lilijifungua lenyewe. Fundi mwenye kujali kazi yake huziacha mbao zikauke kivulini wiki nyingi, akitenganisha kila ubao kwa vijiti ili hewa ipite, kisha hutumia skrubu badala ya misumari. Kwa uso mpana wa mfuniko ni afadhali plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zilizopishanishwa huzuiana zisivimbe wala kusinyaa sana.

Mfuniko wa kuteleza katika mfuo uliochongwa pande tatu ni bora kuliko ule wa kuinuliwa, kwa sababu nyoka husukuma kwenda juu, na mfuo huishika nguvu hiyo kwa urefu wote wa ukingo. Bado unahitaji komeo upande wa nne. Mwenye kupenda bawaba aweke makomeo mawili, moja karibu na kila pembe, maana komeo moja la katikati huziacha pembe zikipindika. Kufuli nayo ni ya lazima. Hiyo haimhusu nyoka. Inawahusu watoto wa nyumbani na wageni wenye udadisi.

Kuhusu wavu, kosa la kawaida ni kutumia ule wa kuku. Nyoka mdogo hupenya matundu yake, na mkubwa hujichubua pua hadi kidonda. Nao wavu wa plastiki wa kuzuia mbu dirishani huchanika. Unaofaa ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, ukipigiliwa upande wa ndani wa fremu na kingo zake kufunikwa kwa fito laini. Ukipigiliwa upande wa juu, kila msukumo wa nyoka utakuwa unang'oa pini. Ukiwa ndani, msukumo huohuo huukandamiza kwenye fremu.

Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi Julai baridi yake huingia hata nyumbani. Nyoka hawezi kujitengenezea joto la mwili. Mfugaji mwenye huruma hutundika taa ndani ya sanduku, na nyoka huizingira na kuungua. Au hutandika blanketi juu ya wavu wenye taa, na nyumba nzima huingia hatarini. Taa ikae nje, juu ya wavu, mbali na kitambaa chochote. Nusu ya mfuniko ikiwa plaiwudi na nusu wavu, joto hubaki upande mmoja na hewa huingia upande wa pili.

Wapo watakaosema kuwa maelezo kama haya huwatia watu hamu ya kufuga nyoka. Kwa nyoka wenye sumu wana haki. Kifutu, fira na koboko hawana nafasi katika nyumba ya kuishi watu, hata mfuniko uwe wa namna gani. Mahali pao ni penye watumishi waliofunzwa na tiba iliyo karibu, kama Bustani ya Nyoka ya Meserani, iliyoanzishwa mwaka 1993 kando ya barabara ya Arusha kwenda Dodoma, ambayo zahanati yake imewatibu watu wengi walioumwa na nyoka. Lakini kunyamaza hakumzuii mwenye nyoka wa nyumba asiye na sumu. Humwacha tu na jiwe lake. Na nyoka huyo akitoroka hatapewa nafasi ya kueleza kuwa hana sumu. Fimbo ya jirani itamkuta kwanza.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaka mtu awe na kibali kabla ya kumweka mnyamapori kifungoni. Ni sheria njema, ila kibali ni karatasi. Ingefaa afisa anayekitoa aende hadi kwenye sanduku lenyewe, kabla nyoka hajaingizwa, na kusukuma kila pembe kutoka ndani kwa mkono wake, kisha apitishe penseli katika kila kiungo. Penseli ikipita, sanduku lirudi kwa fundi. Na kwa kuwa mbao haziachi kusinyaa, arudi tena mwezi Septemba na penseli ileile.