Mizabibu juu ya majivu
Wiki hii picha moja ilimduwaza mwandishi wa safu hii: mzabibu wenye majani mabichi, umejilaza juu ya majivu meusi ya Chã das Caldeiras, bonde lililo ndani ya volkeno kisiwani Fogo, Cape Verde. Novemba 2014 mlima huo ulilipuka. Lava ikafukia vijiji vya Portela na Bangaeira, pamoja na kiwanda cha mvinyo cha ushirika. Wenyeji wakarudi, wakajenga juu ya lava ileile. Moto uliokula nyumba ndio unaolisha shamba. Majumbani bado wanatengeneza manecom, mvinyo wao wa kienyeji. Kuwaita wakaidi ni kuwakosea: wanaijua ardhi yao kuliko yeyote anayewataka wahame. Na zabibu zinaiva tena.