Neno "sauti" limebeba mizigo mingi

Tuseme kwaya moja ya Katana imepata muziki wa kusindikiza wimbo, uliorekodiwa tayari, lakini uko juu mno kwa waimbaji wa sauti ya kwanza. Anayeshughulikia kompyuta ya kwaya ni kijana asiyeona. Kiongozi wa kwaya anamwambia: "Shusha sauti kidogo." Afanye nini? Apunguze nguvu ya muziki, usikike kwa mbali? Auteremshe ili waimbaji waufikie? Au anyamazishe kidogo ile sauti ya kompyuta inayomsomea? Kwa Kiswahili tunachozungumza hapa Kivu, maagizo hayo matatu yanaweza kusemwa kwa maneno yaleyale.

Anayeona hujisaidia kwa macho: hutazama kioo, huona kitufe, hujaribu, hurudi nyuma. Asiyeona hana kingine ila neno. Ndiyo maana nasema kwamba kubadili kidatu cha muziki kwa kutumia kisoma-skrini ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la mashine, na wanaodaiwa kazi hiyo ni sisi wa kitivo cha lugha.

Tuanze na mashine yenyewe. Kisoma-skrini ni programu inayotamka kilichoandikwa kwenye kioo. NVDA, inayopatikana bila malipo, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. James Teh, naye asiyeona, akaungana naye. Teh huyohuyo ndiye aliyeanzisha OSARA, nyongeza inayowezesha programu ya muziki ya REAPER kutumiwa na wasioona. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kazi ya studio haiwezekani bila macho. Wasioona wenyewe wamekwisha kutengeneza zana zake.

Katika Audacity, ambayo pia ni ya bure, kazi ni fupi. Mtumiaji hupita juu ya nyimbo zake kwa vitufe vya mishale, huchagua anayoitaka, hufungua menyu ya athari, huingia mahali pa kubadili kidatu, kisha huandika idadi ya nusu-toni. Akiandika -2, noti ya la yenye mitetemo 440 kwa sekunde hushuka hadi sol yenye mitetemo 392, na mwendo wa wimbo haubadiliki. Sivyo ilivyokuwa kwa redio ya kaseti yenye betri zilizochoka, ambapo wimbo ulishuka na kujikokota kwa pamoja. Lakini asipoisikia ile alama ya kutoa, akaandika 2 badala ya -2, muziki utakuwa nusu-toni nne juu ya alipokusudia. Waimbaji waliokuwa wakilalamika watanyamaza kabisa.

Sasa tuyapime maneno yetu. Kompyuta nyingi hapa kwetu husema Kifaransa, nacho hutenganisha mambo haya vizuri: kuna neno la nguvu, kuna la kasi, na kwa kidatu husema *hauteur*, yaani kimo. Sisi tunarundika yote juu ya "sauti". Kwaya zetu hukwepa tatizo kwa kuazima "toni": tuanze toni ya chini, tupande nusu-toni. Hapo mwanafunzi wa isimu hukuna kichwa, kwa sababu kwake toni ndiyo inayotofautisha maneno katika Mashi, jambo ambalo Kiswahili hakina. Vitabu vya fonolojia vimetupa neno "kidatu", nalo linafaa sana: liko jirani na "kidato", na kidatu cha muziki hupandwa na kushukwa hatua kwa hatua kama ngazi. Shida ni kwamba neno hilo limebaki kwenye daftari za mtihani. Halijawahi kutembea hadi Katana.

Msamiati peke yake hautoshi. Upo pia mpangilio wa maneno, na hapa ndipo mwanaisimu anaweza kusaidia kuliko fundi. Sauti inayosoma na muziki unaosikilizwa hupitia masikio yaleyale. Kila neno la ziada hufunika noti. Mtumiaji mzoefu humkatiza msomaji wake mara tu anapopata alichokitafuta, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Basi, mtu akizipa nyimbo majina ya "sauti ya kwanza", "sauti ya pili", "sauti ya tatu", asiyeona atalazimika kusubiri hadi mwisho kila mara, kwa kuwa mwanzo wote unafanana. Akiandika "kwanza", "pili", "tatu", silabi moja inatosha. Tunafundishwa kwamba katika Kiswahili nomino hutangulia na vivumishi hufuata. Mara chache tunaulizwa kanuni hiyo inamgharimu nani muda wake.

Tena kuna suala la matamshi. Sauti ya Kifaransa ikipewa "ngoma", "juu" au "chini" isome, hutoa vitu ambavyo hata mwandishi wake hatavitambua. Dawa ipo: eSpeak NG, mashine ya usemaji inayokuja na NVDA, ina Kiswahili. NVDA pia ina kamusi za matamshi ambazo mtumiaji hujaza mwenyewe, neno kwa neno. Kujaza kamusi hiyo kwa maneno mia mbili ya muziki hakuhitaji shahada ya uhandisi. Kunahitaji sikio lililozoea fonetiki, na masikio hayo yamejaa kwenye madarasa yetu.

Kuna watakaosema Kifaransa kinatosha, kwa kuwa ndicho lugha ya shule. Kinatosha kwa kusoma menyu. Hakitoshi pale kiongozi wa kwaya anapotoa agizo kwa Kiswahili au kwa Mashi na kijana akalazimika kukisia ni kitufe gani kilichokusudiwa. Wengine watasema asiyeona ana sikio kali, hahitaji istilahi. Sikio humwambia kwamba muziki uko juu. Haliwezi kumwambia aandike wapi.

Wengine watauliza kama nusu-toni za kinanda zinauhusu muziki wetu. Swali hilo ni zuri. Alan Merriam, Mmarekani aliyefanya utafiti miongoni mwa Bashi mwaka 1951 na 1952, aliandika juu ya filimbi yao iitwayo mulizi. Hakuna amri inayoitaka filimbi ilingane na kinanda. Lakini programu hizi hugawa kila nusu-toni katika sehemu 100, hivyo anayejua kuomba anaweza kukisogeza kinanda kiifuate mulizi. Ila lazima awe na neno la kuombea.

Sheria ya kiungo namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu nchini mwetu. Katiba nayo inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Maandishi hayo mawili hayajakutana mezani kwa mtu anayetaka kushusha wimbo nusu-toni mbili.

Napendekeza jambo dogo. Kazi moja ya vitendo katika somo la istilahi mwaka huu iwe mwongozo wa kurasa mbili wa kubadili kidatu, ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka hapa, usio na "bofya pale juu kulia" wala "kama unavyoona". Usisahihishwe kwa kalamu nyekundu. Usomwe na kisoma-skrini, mbele ya msikilizaji asiyeona, naye ndiye atoe alama.