NANI AMBEBE MAJERUHI?

Tahariri hii twaiandika kutoka Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, ambako riziki imetuweka nyuma ya meza ya duka, kama ilivyowaweka ndugu zetu wengi wa Pemba katika miji na vijiji vya bara. Msomaji wa Wete au wa Mkoani asiulize Ulemo inamhusu nini. Jambo lenyewe ni moja huko na huku: mtu aangukapo usiku, ni nani aliyeruhusiwa kumbeba, na kalamu ya kuandika "huyu ndiye, huyu siye" imo mkononi mwa nani?

Huku kwetu hospitali ya wilaya iko Kiomboi, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu hawezi kuifikia kwa miguu. Mwaka 2022 ulizinduliwa mpango wa kueneza m-mama nchi nzima, nao umefika Unguja na Pemba pia. Mtu hupiga simu nambari 115 bila ya malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa mtaani aliyeandikishwa, akamchukua mzazi au mtoto mchanga kwa gari lake mwenyewe, kisha akalipwa. Lililo jema tutalisema kuwa ni jema, hata likitoka kwa tusiokubaliana nao.

Lakini dereva kama huyo, na kila mwenye kuhudumia watu wa dharura, hukabidhiwa amana nzito. Mgonjwa pengine hana fahamu, na mfuko wake u wazi. Pengine ni mwanamke aliye peke yake njiani usiku. Yapasa mbebaji aulizwe: wewe ni nani, na nyuma yako kuna nini? Hilo hatulipingi. Mwenye duka hampi mtu asiyemjua ufunguo wa mtoto wa meza. Seuze roho ya mwanaadamu. Aliyebaka, au aliyemwibia mgonjwa, mlango huu si wake.

Tunalolipinga ni kuwatia wote katika kapu moja. Twamjua kijana wa kwetu aliyejifunza kufunga majeraha, kuzuia damu na kumrejeshea pumzi aliyezama. Alipokwenda kuomba kazi katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, alitakiwa alete cheti cha Polisi cha tabia njema. Cheti kikasema kweli: amewahi kuhukumiwa. Hakikusema kuwa alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, kwamba ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kwamba kosa lake lilikuwa kusimama katika mkusanyiko uliotangazwa kuwa si halali. Hakumpiga mtu wala hakuchukua cha mtu. Alitozwa faini, akailipa. Leo miaka mingi imepita, na faini ile angali anailipa.

Wasomaji wetu wanajua ni nyumba ngapi visiwani zenye mtu wa namna hiyo. Tangu mauaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 hadi uchaguzi wa 2020, kukamatwa hakukuwa daima alama ya uovu. Tena tazameni jambo hili: afya si jambo la Muungano, ni letu, Polisi ni jambo la Muungano. Basi pale karatasi ya Polisi inapofanywa ndiyo kauli ya mwisho, huwa tumeshika mpini wa sufuria na mwengine ndiye anayeamua nani ale.

Na tukumbuke usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, na miongoni mwa waokoaji walikuwamo wavuvi wa kawaida. Hakuna aliyekuwa akizama akauliza cheti cha tabia njema cha mkono uliomvuta.

Wanavyuoni wetu walilipima suala hili zamani. Aliyemzulia mtu zinaa, ushahidi wake hukataliwa. Je, akitubu? Imamu Abu Hanifa amesema haukubaliwi tena. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu wengi visiwani, amesema hukubaliwa. Na wafuasi wake hawakutosheka na maneno ya toba. Walitaka mtu atazamwe muda, na wengi wao wakaukadiria mwaka mmoja, mpaka mwendo wake mwema uonekane. Huo ndio uadilifu: mlango haukuvunjwa, wala haukupigwa misumari.

Hata Marekani wameligundua hilo kwa kuchelewa. Katika jimbo la California wafungwa hutumwa kuzima moto wa misitu. Lakini akitoka kifungoni mtu huyo huyo hukuta sheria ya kuwapa hati wahudumu wa dharura imemfungia: mwenye kosa kubwa moja angoje miaka 10 baada ya kutoka, mwenye mawili asahau maisha. Septemba 2020 ilitiwa saini sheria inayowaruhusu waliozima moto wakaomba mahakama iwafutie hukumu zao, isipokuwa wenye makosa mazito kama kuua na kubaka. Walitenga kosa na kosa. Nasi twataka litengwe.

Basi twadai mambo manne. Kwanza, sheria itaje kwa majina makosa yanayomfungia mtu kazi hii, nayo yawe yale yanayomkhatirisha mgonjwa. Pili, iweke muda ambao kosa dogo likishapita lisitajwe tena. Tatu, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na awe na pa kukata rufaa mbele ya watu wa afya, si mbele ya askari. Nne, kusimama mkutanoni na kusema lisilopendeza wakubwa kusihesabiwe kabisa.

Wanachama, walete masuala haya kwa wawakilishi wenu kabla hayajawafika. Siku moja atakayelala barabarani ni mwanao, na anayejua kuizuia damu yake atakuwa amekaa nyumbani kwa sababu ya karatasi.

Wabillahi tawfiq.