Aliyetoa Figo Asiachwe Aende Zake

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Salehe Mfaume

Mkazi wa Kasokola, mkoani Katavi, akiambiwa na tabibu kwamba figo zake zote mbili zimeshindwa kazi, hubakiwa na njia mbili za kuendelea kuishi: ama kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, aghalabu mara 3 kwa juma na kwa muda wa saa 4 kila mara, ama kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Tafiti za miaka mingi zimethibitisha kwamba, kwa mgonjwa anayestahimili upasuaji, njia ya pili humpa umri mrefu na raha kubwa kuliko ya kwanza, na kwamba figo iliyotoka kwa mtu aliye hai, kwa kawaida, hudumu kuliko iliyotoka kwa maiti. Na kwa kuwa figo zinazopandikizwa hapa nchini hutolewa na ndugu walio hai, maradhi ya mtu mmoja mara huwa shauri la ukoo mzima: wajomba, mashangazi, kaka na dada huketi kikao, na swali linalozunguka kikaoni, hata kama hapana anayethubutu kulitamka, ni nani atakayekwenda kupimwa.

Mgonjwa ana wa kumsemea, na ni haki yake. Mimi leo nataka kumsemea yule ndugu aliyeinua mkono, akapimwa, akafaa, akapasuliwa, kisha akapanda gari moshi kurudi kwao Mpanda na figo moja, kwenye jembe lake na watoto wake. Huyo ametenda ihsani isiyo na kifani, na ninadai kwamba taifa linalopokea ihsani hiyo lina deni kwake la kumwangalia mpaka mwisho wa umri wake.

Elimu hii si changa duniani. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston huko Marekani, Daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampandikiza pacha wake wa kufanana, Richard, ambaye alikuwa mahututi. Kwa kuwa damu na mwili wao ulikuwa wa asili moja, figo haikukataliwa. Richard akaongezewa miaka 8 ya maisha, na Ronald, aliyebaki na figo moja tangu ujanani, akafariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79. Wale wasiokuwa mapacha iliwabidi kungoja zipatikane dawa za kuutuliza mwili usikipige vita kiungo kigeni, dawa ambazo mpokeaji hana budi kuzimeza kila siku maadamu figo ile ingali hai. Kwetu, hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 2017 kwa msaada wa madaktari wa India, na mwezi Machi 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa ikafuata mjini Dodoma kwa msaada wa Wajapani. Jambo ambalo zamani lilimlazimu mgonjwa kusafiri hadi India, leo linamngoja mtu wa Katavi kwenye njia ileile ya reli impitishayo Kaliua na Tabora. Hiyo ni neema, na walioileta wanastahili shukrani.

Lakini neema hiyo humtaka mtoaji aambiwe kweli yote kabla ya kutia sahihi yake, na kweli hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza unatia moyo. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2010, uliowafuatilia watoaji zaidi ya 80,000, ulikuta kwamba waliofariki ndani ya siku 90 baada ya upasuaji walikuwa kiasi cha 3 katika kila 10,000. Na hesabu ya karibuni zaidi, ya mwaka 2024, imeonyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hata chini ya mmoja katika 10,000. Figo inayobaki hujitanua na kuongeza kazi yake, na watoaji walio wengi huishi maisha yao kwa siha njema.

Upande wa pili unataka hadhari. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwalinganisha watoaji zaidi ya 96,000 na watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa figo: katika muda wa miaka 15, watoaji waliopatwa na maradhi ya figo kushindwa kabisa walikuwa kama 31 katika kila 10,000, na wale wasiotoa walikuwa 4. Hatari yenyewe ni ndogo, lakini ipo. Na kwa watoaji weusi wa nchi ile ilifika karibu 75 katika kila 10,000. Mwaka uliofuata, watafiti wa Kanada wakaonyesha kwamba wanawake waliobeba mimba baada ya kutoa figo walipatwa na shinikizo la damu la ujauzito au dalili za awali za kifafa cha mimba katika mimba 11 kwa kila 100, ilhali kwa wanawake wasiotoa zilikuwa 5. Neno hilo ni zito kwa nchi yetu, kwani duniani kote wanawake ndio watoao figo kwa wingi kuliko wanaume, na dada wa miaka 25 aliyemwokoa kaka yake bado anatarajia kuzaa.

Wala haitupasi kuzichukua hesabu za Wamarekani weusi na kuziita zetu. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya hatari yao hutokana na aina mbili za jeni iitwayo APOL1, ambazo huwakinga watu na vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o, lakini mwenye kurithi nakala mbili huingia katika hatari ya maradhi ya figo. Aina hizo zimejaa Afrika ya Magharibi, walikotoka mababu wa wengi wa Wamarekani hao, na huku mashariki si kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo mtu wa Katavi, ingawa mbung'o anawajua tangu utotoni, hawezi kusomewa bahati yake katika daftari la Chicago wala la Oslo. Lazima aandikwe katika daftari la kwao.

Tazama maisha anayoyarudia. Msimu wa palizi umefika, na aliyepasuliwa amekatazwa kuinua mizigo kwa majuma kadhaa. Shamba la mpunga halimngoji, wala hapana amlipaye siku alizokosa. Baada ya miezi, mgongo ukimuuma kwa kulima, hununua vidonge vya diklofenaki katika duka la dawa, kama wafanyavyo jirani zake wote, bila kukumbuka au bila kuambiwa kwamba dawa za jamii hiyo zaweza kuidhuru figo moja aliyonayo. Presha yake ikipanda hahisi chochote. Protini ikianza kutoka katika mkojo wake haoni chochote. Na vipimo vya kuyafichua hayo ni vya kawaida kabisa: mashine ya presha, kijiti cha kupimia mkojo, na kipimo cha kreatinini katika damu, mara moja kila mwaka.

Uswisi imekuwa na daftari la kuwafuatilia watoaji wake tangu mwaka 1993. Sisi tuna fadhila moja ambayo wao hawakuwa nayo: kazi hii kwetu ingali changa, na watoaji wetu wote waweza kuhesabiwa kabla hawajawa wengi mno. Naiomba Wizara ya Afya iamuru kwamba kila mtoaji aandikwe katika daftari moja la taifa. Apimwe bure kila mwaka katika hospitali ya mkoa wake, maisha yake yote. Na arudishiwe nauli yake na ujira alioukosa. Malipo hayo si bei ya figo. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, lililoharimisha biashara ya viungo, lenyewe limeruhusu mtoaji kufidiwa gharama zake. Nao wanachuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu, waliokutana Jeddah mwaka 1988, walihalalisha utoaji kwa sharti kwamba usimdhuru mtoaji na kiungo kisiuzwe. Sharti la kwanza halitimizwi na mtu asiyerudi kumtazama.

Mahali ambapo mtoaji haangaliwi, dalali huingia. Mwezi Aprili 2025 serikali ya Kenya ililazimika kusimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi ya Eldoret kwa tuhuma za biashara ya figo, na vijana maskini ndio waliotajwa kuwa wauzaji. Daftari la watoaji, lenye jina na udugu wa kila mmoja, ni kizuizi cha maovu hayo kabla hayajavuka mpaka.

Wazee wetu walisema, tenda wema uende zako. Usia huo alipewa mtenda wema, asidai malipo. Hakupewa mtendewa ruhusa ya kusahau. Ndugu wa Kasokola aliyetoa figo ameutimiza usia kwa upande wake. Upande uliosalia ni wa hospitali iliyompasua, wa mganga mkuu wa mkoa wake, na wa serikali iliyojivunia upasuaji ule mbele ya magazeti: wamwite kwa jina lake, mwaka hata mwaka, wampime.