Choo cha kulipia kiwe na maji

Mhariri,

Kero ya wasafiri wa huku Sola, mkoani Simiyu, ni vyoo vya stendi: mlangoni yupo mtoza pesa, ndani hakuna maji.

Hivi karibuni mama mmoja wa hapa Sola, mjukuu mgongoni, alilipia choo katika stendi moja ya njiani. Alikuta sinki la kukaa limejaa alama za viatu, maana watu hulipanda na kuchuchumaa juu yake, na pembeni ndoo tupu. Alipoulizia maji, akaambiwa akanunue ya chupa dukani. Akanunua. Maji ya kunywa, jamani!

Wenzetu Wajapani wana vituko vyao. Tangu 1980 kampuni ya TOTO inauza kiti cha choo kinachomtawaza mtu kwa maji ya uvuguvugu, na mwaka 2020 Tokyo ilipata vyoo vya vioo angavu ambavyo vinaonyesha ndani mpaka mtu afunge mlango kwa komeo.

Wasafiri wa Simiyu hawaombi vioo. Tundu la kuchuchumaa, kopo na pipa lenye maji vinawatosha.

Wizara ya Afya iliendesha kampeni ya "Nyumba ni Choo". Stendi je? Halmashauri zinazokusanya ushuru wa vyoo hivyo zitujibu kupitia gazeti hili: pesa ya choo inanunua nini?

Msomaji wako,
Sola, Simiyu