Wapeni Vijana Kazi ya Kuifanya Pamoja

Waulizeni wanafunzi wa kidato cha pili mtu wa kompyuta hufanya kazi gani, na wengi watajibu kuwa huchapa barua na kutengeneza mashine zilizoharibika. Hawana kosa. Katika shule zetu nyingi somo la kompyuta hufundishwa ubaoni: kompyuta ni nini, ina sehemu zipi, za kizazi cha kwanza zilikuwaje. Mtoto hukariri, hufaulu mtihani, kisha husahau. Kazi yenyewe hajapata kuiona ikifanyika, ataipenda vipi?

Nawasihi walimu na wazazi tuuache mwenendo huu. Kijana aionje kazi kwa kuifanya, tena aifanye na wenzake, juu ya tatizo linalowagusa.

Tazameni Kisumu. Mwaka 2017 wanafunzi watano wa shule ya upili ya wasichana ya mji huo walitengeneza programu ya simu waliyoiita i-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Walisimulia kwamba rafiki yao mmoja alikeketwa na hakurudi tena shuleni. Sheria ya kukataza jambo hilo ilikuwapo Kenya tangu 2011, lakini msichana aliye hatarini huhitaji mtu wa kumkimbilia leo hii. Basi wakaweka kwenye skrini vitufe vya kuomba msaada, kuokolewa na kuripoti. Kazi hiyo iliwafikisha California kwenye shindano la Technovation, na mwaka 2019 wakaingia fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Naomba msomaji aangalie walipoanzia: uchungu wa kumpoteza rafiki ndio uliowapeleka kwenye kompyuta.

Tena kazi ya kompyuta kwa kawaida hufanywa na wengi. Ushahidi, mfumo uliokusanya habari za ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya na kuzionyesha kwenye ramani, ulianzishwa mapema mwaka 2008 na watu waliochangia ujuzi mbalimbali, mwanasheria akiwamo pamoja na waandishi wa programu. Kijana anayejiona dhaifu katika hesabu, lakini hodari wa kuhoji watu au kuchora, aambiwe mapema kwamba nafasi yake ipo.

Najua nitaambiwa: kompyuta ziko wapi? Ni kweli, hazitoshi, na umeme nao hukatika. Lakini kazi ya kikundi ndiyo inayofaa zaidi pale mashine zilipo chache. Wapeni wanafunzi wanne daftari la kuazimia vitabu la maktaba yao, walitengenezee utaratibu wa kompyuta. Siku za kwanza hawahitaji hata mashine. Mmoja atakaa na mkutubi amwulize nini humsumbua. Mwingine atachora kurasa kwenye karatasi. Wakifika kwenye kompyuta watagundua kuwa shule ina akina Juma Hassan wawili, na kitabu cha mmoja kimeandikwa kwa mwenzake. Watabishana. Mmoja atataka jina la babu liongezwe, mwingine atasema hata hilo laweza kufanana, mpaka wafikie wazo la kumpa kila mwanafunzi namba yake peke yake. Hapo wameishika kanuni ambayo benki na hospitali huitegemea kila siku, na hawataisahau, kwa kuwa wameifikia wenyewe.

Mwalimu asiwape jibu mapema. Awaache wahangaike kidogo.

Kuna hatari moja ambayo lazima niitaje bila kuficha. Kikundi kikiachwa hivi hivi, mmoja aliyezoea kompyuta nyumbani huishika kibodi toka mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi ni mvulana. Wasichana huandika kumbukumbu na kupamba bango la maonyesho. Huko ni kuwanyima wenzake elimu. Zamu zipangwe na ziheshimiwe: aliyeandika programu wiki hii, wiki ijayo ajaribu kazi ya mwenzake na kutafuta kasoro zake. Na alama zitolewe kwa kila mmoja kueleza sehemu ambayo hakuifanya yeye.

Kwa wakuu wa shule nina ombi moja. Chumba cha kompyuta kisifungwe kwa kufuli baada ya kipindi cha mwisho kwa kuhofia mashine zitaharibika. Awekwe mwalimu wa zamu, kifunguliwe jioni mara mbili kwa wiki, na vikundi viingie na kazi zao.