Haki ya Msikilizaji wa Tatu

Na Khatibu Mwinyimkuu

Atokaye Mto wa Mbu akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu hukipita kiwanja cha ndege cha Manyara, ambako ndege ndogo za watalii hutua na kuruka, nyingine zikielekea Seronera na Ndutu kandokando ya nyanda za juu za Ngorongoro, ambako aghalabu mawingu huufunika ukingo wa kreta hata jua likapanda. Viwanja vya mbugani kama Ndutu havina mnara wa kuongozea ndege. Rubani akaribiapo hutangaza redioni jina la ndege yake, mahali alipo, kimo chake na analokusudia, wala hamwambii mtu mmoja maalumu. Na mwenzake asiyemjua, ambaye yamkini amefichwa na wingu, hujihesabia mwenyewe iwapo njia zao zitakutana. Huyo asikilizaye bila kuitwa jina ndiye ninayetaka kumsemea leo.

Mpenzi wa Kiswahili, nami ni mmojawao, huweza kuuliza: madhali mwongoza ndege ni Mtanzania na rubani ni Mtanzania, kuna dhara gani wakisemezana lugha yao? Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, zaruhusu lugha itumiwayo kwa kawaida na kituo cha ardhini, au Kiingereza.

Jibu liko Zagreb. Tarehe 10 Septemba 1976, katika Yugoslavia ya wakati ule, ndege ya British Airways na ya Inex-Adria ziligongana angani, wakafa watu wote 176. Sababu zilikuwa nyingi, na kazi iliyowaelemea waongoza ndege ilikuwa kubwa miongoni mwazo. Lakini katika nukta za mwisho mwongoza ndege, kwa fazaa, aliacha Kiingereza akawasemeza marubani wa nchi yake kwa lugha yao, na Waingereza, waliokuwa katika masafa yale yale, hawakuweza kufahamu kwamba onyo lile liliwahusu wao pia.

Watu wa Karatu wanalijua jambo hili tangu zamani. Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wamaasai na Wadatoga wenye lugha za Kinailoti, na Wahadzabe wa Eyasi ambao lugha yao haijapatiwa nasaba, ni majirani. Na siku ya mnada, muuza ng'ombe atajaye bei kwa Kiswahili hamdharau mama aliyemlea kwa Kiiraqw, bali humpa kila aliyesimama pale haki ya kusikia.

Insafu hiyo humdai na rubani aliyezaliwa na Kiingereza. Tangu 2008 marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hutakiwa kuthibitisha angalau daraja la 4 kati ya 6 la umahiri wa lugha ya redioni, na si haki mzigo huo kuwaelemea vijana wetu peke yao. Yule naye aache misemo ya kwao, aseme polepole, ashike maneno yaliyowekwa.

Kiswahili nitakipigania ndani ya ndege. Kijana wa Endabash apandaye kwa mara ya kwanza ndiye msikilizaji wa maelezo ya mkanda, mlango na namna ya kujiokoa, na kila rubani arukaye katika nchi hii ayaseme maelezo hayo kwa Kiswahili kabla ya kuwasha injini.